Tahadhari: "vitamini za kunenepa" za mtandaoni ni dawa za cheti. Usinunue, na kama umeshaanza usiache ghafla

Jamani, kuna muuzaji yuko Dar, anauza kwa Instagram na statasi za WhatsApp. Tangazo lake linasema "vitamini asilia za kunenepa na kujaza hipsi, hazina madhara". Unalipa kwanza kwa simu, mzigo unaletwa na bodaboda. Wa mikoani anawatumia kwa basi. Jina la akaunti halitawasaidia, maana ameshalibadilisha watu walipoanza kulalamika, na atalibadilisha tena. Ujueni mzigo wenyewe.

Binti wa dada yangu aliununua. Ni vipakti viwili vya nailoni, havina jina la dawa, havina tarehe ya kuisha muda, havina jina la kiwanda. Kimoja kina vidonge vilivyomwagwa tu humo ndani. Kingine kina vidonge vilivyo bado kwenye karatasi yake ya kiwandani, ila imekatwakatwa kwa mkasi vipande vidogo ili jina lisisomeke. Kwenye kipande kimoja mkasi ulikosea, zikabaki herufi "ASONE 0.5 mg". Mfamasia alipokiona hakusita: deksamethasoni. Vile vya kumwagwa alisema hawezi kuvitambua kwa macho, lakini wanaotafuta kunenepa mara nyingi huuziwa deksamethasoni pamoja na siproheptadini.

Deksamethasoni si dawa mbaya. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kuwa inapunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia, na hao walipewa kwa siku zisizozidi 10, wakiwa chini ya uangalizi. Ni dawa ya jamii ya steroidi, yenye nguvu kubwa: miligramu 0.75 yake inakaribia kazi ya miligramu 5 za prednisoloni. Ndiyo maana inataka cheti cha daktari. Siproheptadini nayo ni dawa ya mzio. Inaongeza hamu ya kula, na inaleta usingizi mzito. Anayeendesha pikipiki au anayekunywa pombe anajiweka pabaya.

Unene unaokuja na steroidi si wa kujivunia. Maji na mafuta hukusanyika usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mikono na miguu ikipungua. Binti yetu mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo, na watu wakawa wanamwambia amependeza. Tumboni ikatokea michirizi ya zambarau. Alipomuuliza muuzaji akajibiwa: "Hiyo ni dalili inafanya kazi mpenzi, endelea." Jibu hilo ndilo linaloniumiza kuliko pesa. Ndani ya mwili dawa hiyo inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na inashusha kinga kiasi kwamba kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Mwenye kisukari akiimeza bila kujua atashangaa sukari haishuki hata akibadilisha chakula.

Sasa sikilizeni hapa, hasa mliokwisha kuanza. Usivitupe chooni leo usiku ukasema umemalizana navyo. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Ukimeza ya dukani kwa wiki kadhaa, tezi hizo zinapunguza kazi, nyingine zinalala kabisa. Ukikatisha ghafla, mwili unabaki hauna ya dukani wala yake. Yakampata binti yetu: mzigo uliisha, muuzaji akasema hana stoku, na siku zilizofuata akaanza kutapika, kizunguzungu, presha ikashuka, akawa hawezi kusimama. Hospitali walimrudishia dawa ya jamii hiyohiyo ya steroidi, kisha wakapanga kuipunguza kidogo kidogo. Hali hiyo inaua. Kwa hiyo nenda kwa daktari ukiwa bado unavyo, umwambie umetumia kwa muda gani na vingapi kwa siku, na apange yeye namna ya kushusha. Ukiwa tayari unatapika, umelegea au akili inachanganyikiwa, nenda dharura muda huohuo na useme wazi kabisa: nimekuwa nikimeza steroidi. Usione aibu, maana bila neno hilo watahangaika na malaria.

Mjamzito na anayenyonyesha asiendelee kimyakimya. Anayetumia dawa nyingine za kila siku, iwe za presha, sukari au ARV, azitaje zote.

Na huyu muuzaji anaposema "hazina madhara", hapo hapo mjue anadanganya. Dawa yoyote inayofanya kazi ina maudhi yake, na duka la kweli litakupa karatasi ya maelezo yenye kuyaorodhesha.

Mwenye mzigo huu aupeleke TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; kama alishaanza kumeza, aonane na daktari kwanza. Wana ofisi za kanda, si Dar na Dodoma tu. Walio Kenya waende Bodi ya Famasi na Sumu. Peleka vipakti pamoja na vile vipande vya karatasi, hata chenye herufi tatu tu. Piga picha mazungumzo yote kabla hajakublock, na usifute ile meseji ya malipo: akaunti anabadilisha kila akitaka, lakini jina lililosajiliwa kwenye laini iliyopokea pesa linabaki kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu.