King'ora cha boksi nilichonunua Mlandege, na kwa nini nilikikataa kile cha kurusha rangi

Asalaam aleikum, nimeulizwa na wengi kuhusu hichi kidude basi naandika hapa mara moja wote muone. Mie nauza udi, liwa na mitandio, niko Kikwajuni, wateja wangu wengi wako Pemba, mzigo unaondoka bandari ya Malindi hapa Unguja na boti mpaka Mkoani halafu unapanda gari la 603 mpaka Chake. Tangu Ramadhani ipite vipeto vyangu vitatu vimefika vishafunguliwa. Cha mwisho mteja alinipigia video, boksi limepigwa selotepu vizuri kabisa lakini si selotepu yangu, ndani mna mitandio miwili badala ya sita na chupa ya mafuta imelegezwa kifuniko imemwagika yote, na bi harusi wa watu shughuli yake kesho. Wallahi nililia siku ile.

Basi nikenda Mlandege. Kidude chenyewe ukubwa wake kama kibiriti, unakibandika ndani ya kifuniko cha boksi, kina kijicho kinahisi mwanga, mtu akifungua tu kinapiga ukelele mpaka akitafute akizime. 28,000 na betri mbili za kidonge zimo ndani. Muuzaji akanitolea na kingine cha 65,000, hicho kinamrushia anayefungua rangi isotoka pamoja na unga wa pilipili usoni. Mpwa wangu nilikuwa naye, akashikilia shangazi chukua hiki hiki, huyo mwizi akome, akanionyesha na ile video ya yule injinia wa Kimarekani Mark Rober ya mwaka 2018, boksi linarusha vumbi la kumetameta na harufu mbaya halafu simu zilizofichwa ndani zinarekodi. Inavutia sikatai, lakini hata yeye ilibidi baadae aondoe vipande viwili kwa sababu walioonekana kama wezi walikuwa wanajuana na mtu aliyemsaidia kuliweka boksi. Na vumbi lile si pilipili ya macho.

Nilikuwa nakaribia kutoa hela, nasema kweli, kwa hasira nilizokuwa nazo. Nikamwambia niwekee, kwanza nijaribu hichi kidogo nyumbani. Usiku nimebandika kwenye boksi tupu nikaliacha juu ya mkeka nikaingia jikoni kuepua chai, mara nasikia ukelele na kilio pamoja. Mtoto wa mdogo wangu, miaka minne, kalifungua anatafuta biskuti, uso wake wote umo ndani ya boksi. Alishtuka tu, nikambeba akanyamaza. Lakini nilikaa pale mkekani nayatizama macho yale na hamu ya kile cha 65,000 ikanitoka yote.

Kwa sababu boksi halimjui anayelifungua. Fikirini kipeto changu kinapita mikono mingapi, hamali wa mkokoteni, mkaguzi wa bandarini ambaye kufungua ndo kazi yake, utingo wa gari, mteja mwenyewe, na watoto wa mteja ndo wa mwanzo kurukia mzigo ukifika nyumbani. Mwizi ni mmoja kati ya wote hao, wengine wamenikosea nini?

Jirani yangu wakili nilipomuuliza hakunificha. Kasema sisi Zanzibar tuna Sheria yetu ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, na kumjeruhi mtu kwa makusudi ni kosa hata awe kakuibia, kujilinda ni pale upo na hatari ipo mbele yako, si mtego unaoumiza wakati wewe umelala Kikwajuni. Akanipa na mfano wa Marekani, jimbo la Iowa, mume na mke walichoka kuibiwa kwenye nyumba yao ya shamba isokaa mtu wakafunga bunduki ndani ijifyatue mlango ukifunguliwa, mwaka 1967 ikamvunja mguu mtu aliyeingia kuchukua chupa za zamani. Yule mtu alikiri wizi na faini akatozwa, dola 50, lakini akawashtaki na 1971 Mahakama Kuu ya jimbo ikakubali alipwe dola 30,000, ekari 80 za shamba lao zikauzwa! Uingereza nako bunduki za mtego kama hizo zilikatazwa tangu 1827. Mtu wa mwanzo kuteseka ni mwizi, wa pili ni wewe mwenye mali.

Sasa kidude kinafanya kazi? Safari nne nimekitumia. Ya kwanza mkaguzi Malindi alifungua kikapiga kelele, akacheka akafunga, na hapo nilijifunza kuandika juu ya boksi kwa maka nyekundu NDANI MNA KING'ORA, na naona maandishi yale ndo yanalinda zaidi kuliko kidude chenyewe. Ya pili na ya tatu mzigo umefika kamili. Ya nne betri imekufa njiani, nadhani ni unyevu wa bahari, ila mzigo ulikuwa salama.

Ubaya wake, gundi dhaifu, ongezeni selotepu ya pande mbili. Na pale chini ya boti injini ikinguruma hakisikiki kabisa, kwa hivyo usikitegemee peke yake. Mie sasa nasaini juu ya kila kiungo cha selotepu, nalipiga picha boksi mbele ya anayelipokea na namtumia mteja kabla boti haijang'oa nanga, akiona saini imekatika halipokei.

Nyota tatu na nusu kwa kidude. Muuzaji nampa tano, nilipomrudia nikamweleza habari ya yule mtoto alikiondoa kile cha pilipili kwenye kioo cha mbele, sikumuomba. Betri zake pale pale 1,500 moja, chukueni za akiba.