Nairobi–New York bila kutua: saa 15 zinazofaa, ila si kwa kila msafiri

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York, ni kilomita 11,840 hivi, ukipima njia fupi kabisa. Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8: takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Tofauti hiyo huletwa na pepo kali za juu zinazovuma kutoka magharibi. Ukienda ni za mbisho. Ukirudi zinaisukuma ndege.

Kwa umbali tu, njia hii haina faida kubwa sana. Kupitia Amsterdam ni kilomita 12,520 hivi, nyongeza isiyofika saa moja angani. Kupitia Dubai ni 14,560, karibu saa tatu zaidi. Muda huliwa uwanjani, katika kusubiri ndege ya pili, na ukiikosa unaweza kulala njiani.

Ndege hii huondoka Nairobi usiku, na kuna sababu yake. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 hupata shida kunyanyuka, hivyo uzito wa abiria na shehena hupunguzwa. Ubaridi wa usiku husaidia.

Ndani, daraja la kawaida lina safu za viti tatu-tatu-tatu. Chagua cha kando ya njia mapema, maana kukaa katikati saa 15 ni adhabu. Madirisha hayana vifuniko. Hutiwa giza kwa kitufe. Shinikizo la hewa ni kama la mahali palipo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jambo linalopunguza uchovu kuliko ndege za zamani, ambazo hufikia mita 2,400. Hata hivyo miguu huvimba: simama utembee kila baada ya saa mbili, na kunywa maji ya kutosha.

Wengi hukwama JFK. Hata kama begi limeandikiwa Dallas au Minneapolis, unalichukua mwenyewe New York, unapita uhamiaji na forodha, kisha unalikabidhi upya. Acha nafasi ya saa tatu au zaidi kabla ya ndege inayofuata, na zaidi Januari na Februari, theluji inapovuruga safari za ndani. Usibebe nyama wala matunda, forodha watayachukua.

Kwa anayeishia New York au New Jersey, kwa mzazi mzee anayesafiri peke yake, au kwa mama mwenye mtoto mchanga, hii ndiyo njia ya kuchagua, hata nauli ikizidi kidogo. Anayekwenda Minneapolis afikirie Amsterdam: idadi ya vituo ni ileile, na uhamiaji wa Marekani anaumaliza mwisho wa safari, bila kuburuta mabegi katikati.

Msafiri wa Dar es Salaam, Entebbe au Kigali anunue safari nzima kwa tiketi moja. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukusubiri wala kukupangia nyingine. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji: New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba.