Jarida la sayansi nililoacha kulilipia

Nimelisoma jarida hili la habari za nishati mwaka mzima, na michoro yake ni mizuri kweli. Vichwa vya habari ndivyo vilivyonichosha. Kuhusu jaribio la Desemba 2022 la kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati, kule kwenye maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, walitangaza kwa herufi kubwa kwamba shida ya umeme imekwisha. Hesabu yenyewe niliikuta chini kabisa: leza zilipeleka megajuli 2.05 za nishati kwenye kidonge cha haidrojeni, na muungano wa viini ukatoa 3.15. Hatua kubwa, nami nilifurahi. Lakini kuziwasha leza hizo kulikula takriban megajuli 300 za umeme, na hilo hawakuligusa hata kwa sentensi moja! Inaniuma. Nyota mbili, kwa ajili ya michoro.