Mwavuli au koti la mvua kwa safari ya Amani?

Ukitoka Tanga mjini jua linawaka, huamini kwamba ukishapita Muheza na kuanza kupanda milima ya Usambara Mashariki kuelekea msitu wa Amani mvua inaweza kukupokea. Nimeshapanda na mwavuli, nimeshapanda na koti.

Mwavuli una raha yake: hutoki jasho, na kwenye bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, unatembea taratibu ukitazama miti. Ila vijia vya msituni ni vyembamba. Matawi yanaukamata, mkono mmoja umeshughulika, na ukiteleza kwenye utelezi wa udongo mwekundu huna cha kujishikilia. Wangu ulivunjika vijiti vitatu hata saa sita haijafika.

Koti linakuachia mikono yote miwili. Chukua pana, linalofika magotini, ulivae juu ya begi la mgongoni ili mkate na simu visilowe. Joto lake sasa! Ndani unachuruzika jasho kama uko jikoni unakaanga maandazi. Hata hivyo ndilo ninalopakia.

Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, hayataki chochote kati ya hivyo. Huko beba tochi na raba zenye meno.