Chaja ya ampea moja kwa kwadi na jeti ski: ichukuliwe au iachwe?

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo tuko Raskazone hapa Tanga, na upepo ndiyo huo mnausikia kwenye maiki, mnivumilie. Nilichoshika ni chaja ya betri, ndogo, inaenea kiganjani, ampea moja tu. Jina la kampuni silitaji, sijalipwa na mtu. Boksi lake lina picha ya pikipiki iliyofunikwa na nje theluji tele, na nadhani picha hiyo ndiyo inawafanya watu waipite dukani. Mtu anasema hii ni ya Ulaya, ya kuhifadhia pikipiki wakati wa baridi, mimi wa pwani ya nini.

Kumbe sisi ndio wenye shida nayo zaidi. Betri ya asidi inapungua chaji hata ikikaa bila kuguswa, na joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kupungua inakaribia kuwa mara mbili. Betri iliyolala kwenye banda la bati hapa mwezi wa pili inaisha haraka kuliko iliyolala gereji ya Ulaya. Baridi inafanya injini iwe nzito kuwaka, sawa, lakini kwa betri iliyolala tu, adui ni joto.

Sasa angalieni hizi kwadi, pikipiki za matairi manne za ufukweni. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, wateja wanapungua, mashine zinafunikwa turubai. Siku ya kufunuliwa unabonyeza stata, tik tik tik. Watu wanabusti kutoka kwenye gari, inawaka, wanaona yameisha. Hayajaisha! Betri ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani zake, na ikikaa muda mrefu inakuwa ngumu, kuitoa ni kazi. Halafu hata msimu ukiwa mzuri, safari zenyewe ni fupi: unawasha, mteja anazunguka kidogo, unazima. Injini ikienda taratibu hairudishi chaji ya maana, na kila stata inakula.

Turudi kwenye kifaa. Kinasukuma ampea yake moja mpaka volti zifike kama 14.4, kisha kinapunguza kidogo kidogo, mwisho kinashuka na kushikilia tu betri ibaki imejaa. Mita hii hapa, ngoja niisogeze muone: 13.6. Hapo ndipo inapoachana na ile chaja kubwa ya fundi, ya ampea 10, inayochaji betri za malori. Betri ya kwadi ya kawaida ni Ah 12 mpaka 14 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na mafundi wanajua kanuni ya sehemu moja ya kumi: betri ya Ah 12 ipewe ampea 1.2. Ukiipa 10 inachemka, inatoa gesi, maji yanakauka, na zile zilizozibwa huwezi hata kuongeza maji ya betri. Leo mashine itawaka, ndiyo. Ila umeikatia betri maisha.

Hiyo 13.6 naipenda. Volti za kushikilia zinatakiwa zishuke joto likipanda, kama 0.18 kwa kila nyuzi 10. Chaja nyingi zinashikilia 13.8, na kwenye banda lenye nyuzi 35 hizo ni nyingi kidogo. Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na mita.

Uvivu wake sitauficha. Betri ya Ah 14 iliyobaki nusu inataka usiku mzima. Kama una mteja amesimama nje, hii si yako. Umeme wenyewe hauogopeshi, wati kama 20, usiku kucha haifikishi robo ya uniti ya LUKU.

Kilichonikera: betri iliyokufa kabisa haiitambui. Taa nyekundu, imegoma. Mafundi wanaizunguka kwa kuunganisha betri nzima pembeni, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika chache mpaka chaja iamke, kisha wanaitoa ile nzima. Kwa betri ya asidi inakubali. Ya lithiamu usithubutu, na hata kuichaji kawaida, kwenye chaja kuna kitufe chake cha peke yake.

Sasa jaribio ninalolifanya kwa kila chaja, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Nazima ukutani. Nawasha. Mnaona? Imerudi yenyewe, imeendelea. Zipo ambazo umeme ukirudi zinakaa zimelala zinasubiri mtu abonyeze, na wewe uko Muheza kwenye harusi unaamini betri inachajiwa. Hiyo usiichukue hata kwa bei ya bure. Na zile za mtumba kutoka Marekani, soma nyuma kwanza: ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, ukiichomeka kwenye 230 zetu itaungua.

Taa ya kijani isikupe imani sana. Inasema volti zimetosha, haisemi betri ni nzima. Toa chaja, iache ilale usiku, pima asubuhi: 12.7 imejaa, 12.4 robo imeshaondoka, 12.0 imebaki kama robo. Ikiwa imejaa, bonyeza stata huku mita imeunganishwa. Ikizama chini ya 9.6, betri imechoka, hakuna chaja ya kuiponya.

Klipu zake zimeshaanza kutu kwa hii chumvi. Tumieni ule waya wa pili ulio ndani ya boksi, wa kufunga kwa bolti, una fyuzi yake. Paka grisi, uuache hapo hapo kwenye mashine.

Nyie wa ufukwe wa Ushongo, kule Pangani, ambao mashine inalala mbali na soketi, chaja hii iacheni, chukueni paneli ya wati 5 pamoja na kidhibiti chaji. Bila kidhibiti, paneli hizo za volti 12 zinaweza kupandisha mpaka 20 na zaidi. Jua kali inatoa kama ampea 0.3, inatosha kuilinda betri iliyojaa, kuifufua iliyokufa hapana.

Na wenye jeti ski, zile pikipiki za majini: msichajie betri ikiwa ndani ya chombo. Mvuke wa petroli unakaa mle chini, betri nayo inatoa haidrojeni, cheche moja tu inatosha. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, itoe, uiweke penye hewa ndipo uchomeke.