Tahadhari: Unga unaodaiwa kusawazisha homoni zote

Ninawatahadharisha wanaofikiria kununua unga unaouzwa mtandaoni kwa madai kwamba husawazisha homoni zote za mwili ndani ya siku 21. Niliutumia kwa miezi mitano.

Dai lenyewe lingetosha kunishtua, lau ningetulia. Homoni hazitoki mahali pamoja: thairoksini hutengenezwa na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, insulini hutoka kwenye kongosho, na kotisoli, inayousaidia mwili kuhimili maradhi na majeraha, hutoka kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Mtu ambaye thairoidi yake inafanya kazi kupita kiasi na yule ambaye yake imelegea wanahitaji matibabu yanayopingana. Unga mmoja utawatibuje wote wawili? Nilipomuuliza muuzaji swali hilo, alinitumia picha za watu waliopungua uzito.

Kilichonihadaa ni kwamba unga ulileta nafuu kweli. Katika wiki ya kwanza maumivu ya viungo yalitulia na hamu ya kula ikarudi. Baadaye uso ulivimba ukawa wa duara, ngozi ikawa inavilia damu kwa kuguswa tu, na shinikizo la damu likapanda, naye muuzaji akanihakikishia kuwa hizo ni sumu zinazotoka mwilini. Niliacha ghafla. Siku chache baadaye nilikuwa natapika na kuishiwa nguvu kila nikisimama, na hospitalini kotisoli yangu ya asubuhi ilikutwa iko chini mno. Daktari alisema hali hiyo inalingana na ya mtu aliyekuwa akimeza dawa za steroidi bila kujua.

Steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hufanya kazi ya kotisoli, na zimewahi kugunduliwa zikiwa zimefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Zikijaa katika damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huacha kutoa homoni inayoziamuru adrenali, nazo adrenali zikikaa wiki nyingi bila amri husinyaa, kiasi kwamba anayeacha ghafla hubaki na kotisoli kidogo mno na anaweza kufa akipata homa kali au jeraha. Kwa hiyo, ikiwa umekuwa ukiutumia unga huu, usiutupe ukanyamaza: nenda kwa daktari haraka ukiwa na kopo lake, umweleze umeutumia kwa muda gani, ili yeye aamue namna ya kukuachisha. Ukiwa unatapika au unazimia, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Jambo lililonikasirisha zaidi ni kumkuta muuzaji akiwashauri wenye kisukari waache sindano za insulini. Insulini ni protini. Ikimezwa huvunjwavunjwa tumboni kama nyama, na ndiyo maana tangu mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwayo mwaka 1922 imekuwa ikidungwa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, damu yake inaweza kujaa asidi na akapoteza maisha katika siku chache.

Kopo halina orodha ya viambato, namba ya toleo wala anwani ya mtengenezaji. Langu nimelikabidhi kwa mamlaka ya dawa. Tangu nilalamike, muuzaji amebadilisha jina la akaunti mara mbili, ila picha za waliopungua uzito ni zilezile.