Kizimba cha kura cha kukusanyia chupa viwanjani: kinafaa, ila fundi asiwatobolee tundu kubwa

Kinachopimwa hapa ni boksi la waya lenye vyumba viwili, la kukusanyia chupa tupu za plastiki kwenye bonanza na mechi za vyuo. Juu ya kila chumba kuna kibao: huku Simba, huku Yanga. Anayemaliza maji yake anadondosha chupa upande wa timu yake, na kwa kuwa pande zote ni wavu, uwanja mzima unaona nani anaongoza. Hakiuzwi dukani. Unampelekea mchoro fundi yeyote wa kuchomelea, Moshi au Arusha, au mnaongea na walimu wa karakana wa VETA ama Chuo cha Ufundi Arusha wanafunzi wakifanye kama kazi ya vitendo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2015 asasi ya Hubbub ilitundika kwenye mtaa mmoja wa London kisanduku cha vipisi vya sigara kilichouliza nani bora duniani, Ronaldo au Messi, na kipisi ndicho kikawa kura. Nchini Marekani, Ohio University na Miami University walianza mwaka 2001 kushindana nani anarejeleza taka nyingi, na vyuo vingine vikaingia kwenye mashindano hayo. Huku kwetu Ronaldo hahitajiki. Simba na Yanga zinatosha, na hazichuji. (Mashabiki wa Azam wajichomelee chumba cha tatu.)

Tukikilinganisha na pipa la bluu la lita 200, lile linalokatwa mdomo na kuandikwa "CHUPA TU" kwa rangi, kizimba kinashinda kwa mbali. Pipa halionyeshi kilichomo ndani. Wa kwanza akitupa sahani ya chipsi, wa pili anajua hilo ni pipa la taka, na hadi mapumziko chupa zimeshaloa mafuta na kachumbari. Mnunuzi wa plastiki hataki chupa zenye mafuta, kwa hiyo mzigo wote unapakiwa kwenye gari la taka, na kwa Arusha safari hiyo inaishia dampo la Muriet. Kiroba cha salfeti kilichofungwa kwenye miti minne ni bora kuliko pipa na hakigharimu kitu, ila mdomo wake uko wazi vilevile, na upepo wa mchana unakiangusha.

Siri yote iko kwenye tundu. Chupa ya nusu lita ina upana wa sentimita 6 au 7, ya lita moja na nusu inakaribia 9. Tundu la sentimita 12 linapitisha zote mbili bila kuzilazimisha, na linakataa sahani na boksi la chipsi. Mafundi wengi wakiachiwa watakata tundu la mraba la sentimita 20, kwa sababu mraba ni rahisi kwa grenda. Hapo mmenunua pipa la taka la bei mbaya. Sisitizeni duara, na ukingo wake uzungushiwe nondo ya milimita 6 au ulainishwe kabisa, maana chuma kilichokatwa hukata vidole. Kimo cha tundu kiwe sentimita 90 hivi kutoka chini.

Vipimo vinavyofanya kazi ni upana sentimita 120 (60 kwa kila chumba), kina 50, kimo 110. Fremu ni ya skwea paipu ya inchi moja. Pamoja na milango miwili ya nyuma zinatumika kama mita 21, yaani mnunue vipande vinne vya mita 6, zitabaki mita 3 hivi. Pande zote ni wavu mgumu wa kuchomelewa wa matundu ya sentimita 5. Wavu wa kuku ni rahisi, lakini mtu akiuegemea unabonyea na haurudi. Chini weka bati lenye vitundu vya kutolea maji, likunjwe ukingo wa sentimita 10 kupanda juu, la sivyo vizibo vinamwagika kupitia wavu na mnabaki mkiviokota kwenye nyasi kimoja kimoja. Juu kuwe na mteremko. Kizimba chenye juu tambarare kinageuka kiti cha kuangalizia mechi kabla ya dakika ya kumi, na ukizuia kukaliwa kinageuka meza ya kuwekea sahani.

Kasoro kubwa ya mchoro wa kawaida ni mlango. Ukiwa mmoja mzima, ukifungua kizimba kilichojaa, chupa zote zinakumwagikia miguuni. Gawanyeni mlango mara mbili: wa chini wa sentimita 40 unafunguliwa kwanza, mdomo wa kiroba unawekwa pale, chupa zinavutwa ndani kwa mkono, wa juu unafunguliwa mwishoni kwa kusafisha. Bawaba na komeo la kufuli kila mmoja.

Chumba kimoja kinabeba chupa 300 hivi za nusu lita zisizokandamizwa, kizimba kizima 600. Inaonekana nyingi, lakini kwenye jua la saa nane watazamaji 500 wanazimaliza bila shida, na kizimba kilichojaa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: mtu akikuta tundu limeziba anaweka chupa chini, na anayemfuata anaongezea sahani. Kwa hiyo kitolewe chupa wakati wa mapumziko. MC atangaze matokeo kwanza, watu waone ushindi wao, kisha ndipo viroba vijazwe. Mkiondoa chupa kimyakimya, walioshinda watalalamika kura zao zimeibwa, na hapo hamtapata chupa ya kipindi cha pili.

Swali la kura lisihusu timu zinazocheza siku hiyo. Chuo mwenyeji huwa na mashabiki wengi mno, upande mmoja unafurika ukiwa mwingine mtupu, na wageni wanaacha kushiriki kwa hasira. Simba na Yanga zinawagawa wenyeji na wageni sawia zaidi. Vibao viwe vya kuning'inizwa kwa ndoano ili muweze kubadili swali.

Mambo mawili yaambatane na kizimba, na bila hayo alama zake zinashuka hadi nusu. La kwanza ni pipa la taka nyingine, liwekwe pembeni yake hatua moja, si zaidi. Mwenye ganda la ndizi asipoona pa kulitupa atalisukuma kwenye tundu la sentimita 12, na litapita. La pili ni ndoo ya lita 20 ya kumwagia mabaki. Chupa yenye maji robo inaongeza uzito, na mnunuzi anayefahamu kazi yake anakata kilo kwa makisio yake, ambayo hayawahi kuwa upande wenu. Soda ni balaa zaidi: inavuta nyuki, na kizimba chenye nyuki hakuna atakayekisogelea.

Mahali pa kukiweka ni kwenye njia ya kutokea na karibu na meza za wauza maji. Nyuma ya goli panapendeza kwenye picha tu.

Kuhusu vizibo, kuna mabishano. Chupa yenyewe ni PET, ile yenye namba 1 chini. Kizibo ni plastiki ya aina nyingine. Kiwandani hilo si tatizo kubwa, kwa sababu zikisagwa na kuoshwa, PET inazama na kizibo kinaelea. Ila wanunuzi wadogo wa mitaani wengine wanataka vizibo pembeni, kwa hiyo ulizeni kabla. Kama anakubali, mfundisheni kila mtu kukanyaga chupa kwanza, kisha kufunga kizibo. Hewa hairudi na kiroba kinabeba mara tatu. Akifunga kizibo bila kukanyaga, mnasafirisha hewa. Chupa za rangi, hasa za vinywaji vya kuongeza nguvu, mzitenge na zile nyeupe. Makopo ya alumini nayo yawe na kiroba chake, bei yake kwa kilo iko juu. Sumaku haiyashiki, hicho ndicho kipimo. Soda za chupa za kioo zisiguse kizimba kabisa. Hizo zina kreti yake, na kwa vile mnunuzi anaacha hela ya chupa dukani, huoni mtu akizitupa.

Sasa hela, ambapo serikali za wanafunzi huvunjika moyo. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina gramu 10 hadi 15. Kizimba kizima kilichojaa ni kilo 6 hadi 9. Mkikodi pikapu kupeleka mzigo huo, mmepata hasara kabla ya kufika mzani. Njia inayolipa ni kuongea mapema na waokota chupa wa eneo hilo: chupa ni zao, na wao wanachambua, wanatoa viroba na kuacha uwanja safi. Mkiwafukuza getini wataingia usiku na kukata wavu. Serikali ya wanafunzi ikitaka kuuza yenyewe, ikusanye viroba vilivyokandamizwa vya bonanza kadhaa kwanza, stoo isiyo na panya.

Kwa mbio za barabarani kizimba hakisaidii sana. Wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon wanatupa chupa mita chache baada ya meza ya maji, wakiwa mbioni. Pale wanahitajika watu wenye viroba mkononi. Kiwekeni kwenye uwanja wa kumalizia tu, pale Chuo Kikuu cha Ushirika, watu wanapokaa na kunywa taratibu.

Uzito wake ni kilo 35 hivi, watu wawili wanakibeba. Hakiingii kwenye bajaji. Guta linatosha, kikilazwa ubavu. Pigeni rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida, hasa miguu, na mkifunge kwa mnyororo kwenye nguzo hata kikiwa stoo: wanunuzi wa chuma chakavu hawaulizi kilitoka wapi.